Baba Anatafuta Jiko

Iliki ikiungua ina harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, inakaa puani kwa muda mfupi, na mpishi asiye makini hudhani mambo yanakwenda vizuri. Ya pili ni chungu, na ukiisikia hiyo ujue umechelewa. Wanafunzi wangu nawafundisha tofauti hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hawajafunga hata aproni. Nina diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli, na imetundikwa ukutani mahali ambapo kila mteja ataiona atake asitake. Nimepika miaka tisa katika hoteli za Uarabuni, nikaingia kama mwosha masufuria na kutoka nikiamrisha watu kumi na wanne. Nimerudi Isiolo kwa nauli yangu, nimefungua bekari yangu hapa Wabera, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili mjue mnasimuliwa na nani.

Lakini zile harufu mbili sikuzijulia darasani. Nilizijua nikiwa na miaka tisa, siku nilipounguza kwa makusudi trei mbili za biskuti za Idd, mali ya Mama Rukia, na nikafurahi sana.

Nitawaeleza kwa nini nilimchukia huyo mama. Nilimchukia kwa miaka ishirini na mitano, kwa bidii ileile niliyoitia katika masomo.

Nyumbani kwetu kulikuwa na jiko la chuma la kuni. Babu yangu, askari mstaafu, alilinunua kwa mkulima mmoja mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Lilikuwa na miguu iliyopinda kama ya simba, mlango wa oveni uliolia kila ukifunguliwa, na bomba la moshi lililopita darini. Sisi tuliliita Afande. Katika mtaa wetu wote ni Afande peke yake aliyekuwa na oveni. Kwa hiyo kumi la mwisho la Ramadhani likifika, wanawake walimiminika kwetu na trei za biskuti na keki za doolsho, kila trei na alama yake: moja imefungwa uzi mwekundu, nyingine ina alama ya kidole kwenye unga. Mama alizioka zote. Wengine walimwachia sukari, wengine unga, wengine dua tu. Lakini siku ya Idd, katika kila nyumba uliyoingia, ulikula kitu kilichopita mikononi mwa mama yangu, na watu walisema hivyo. Mama hakuwa na dhahabu wala shamba. Alikuwa na hilo.

Kisha Afande akaanza kufa. Sakafu ya oveni ilitoboka, moto ukawa unapenya na kulamba trei. Bomba lilioza kwa kutu, moshi ukarudi ndani. Mama alitoka jikoni macho mekundu kama mtu aliyefiwa. Keki ikatoka nyeusi upande mmoja na mbichi upande wa pili. Alimwomba Baba jiko jingine mwezi wa Rajabu. Akamwomba tena Shaabani. Akamwomba mara ya tatu siku ya kwanza ya Ramadhani.

Baba alikuwa na lori la kupeleka mbuzi Nairobi, na lori hilo alilipenda kwa namna ambayo sisi watoto tulijua nafasi yetu. Mwezi huohuo wa Shaabani lilikuwa limevaa matairi mapya, yote. Alimpigapiga Afande ubavuni kama anayempoza punda.

"Huyu mzee alimpikia askari," alisema. "Atashindwa na biskuti?"

Mama aliangalia nje, mahali lori lilipoegeshwa, akayatazama yale matairi kwa muda mrefu.

Siku ya kumi na nane ya mfungo aliniita asubuhi, akanifunga mtandio vizuri na kunishika mabega. "Utakwenda dukani kwa Mama Rukia. Utamwambia hivi: Baba anatafuta jiko jingine. Hili la nyumbani limechoka, halishiki moto tena. Hata kama limeshatumika si neno, bora liwe na nguvu. Sema."

Nikasema. Akanirudishia neno nililoruka. Nikasema tena. Nilikuwa mtoto wa kwanza darasani, na mambo ya kukariri hayakunishinda.

"Usiongeze, usipunguze. Na useme kwa sauti. Mama Rukia hasikii vizuri."

Kunituma kwa Mama Rukia kulikuwa na maana. Duka lake dogo lilikuwa kwenye kona ambayo kila mtu lazima aipite, na wafanyakazi wa serikali waliohamishwa humwachia vitu vyao awauzie: vitanda, makabati, mafriji yasiyogandisha. Nilikuta wateja watano au sita wamesimama. Nikasalimia, salaam aleikum, nikavuta pumzi na kuusoma ujumbe wangu kama ninayesoma shairi mbele ya wakubwa wa shule.

Mtu mmoja aliacha kuhesabu viazi. Mama Rukia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, aliweka mizani chini.

"Baba yako anatafuta jiko?"

"Ndiyo."

"Na la nyumbani limechoka?"

"Halishiki moto tena," nikamkumbusha.

"Naa, wewe Halima! Na anataka jipya ama la mtumba?"

"Hata kama limeshatumika si neno," nikapaza sauti, "bora liwe na nguvu!"

Alicheka hadi akashika kaunta. Wote wakacheka. "Mwambie baba nitamtafutia," alisema akifuta machozi. "Lakini mwambie pia, la mtumba huja na mazoea yake!"

Nilirudi nyumbani nikijivuna, kwa sababu sikuwa nimewahi kufikisha ujumbe uliofurahisha watu namna ile.

Ninyi mnajua, lakini mimi wakati huo sikujua, kwamba mwanamume akisema amepata jiko hakuna anayemuuliza ni la makaa au la gesi. Watu huuliza nikaha ni lini. Kabla ya swala ya alasiri Wabera nzima ilishajua kwamba baba yangu anataka mke wa pili, kwamba wa kwanza amechoka, na kwamba hata mjane au aliyeachwa atamfaa. Madrasani, msichana mmoja aliyeitwa Nasteha aliniambia nitaletewa mama mdogo na atanyoa nywele zangu. Nikamng'ata mkono nikiwa nimefunga. Pale stendi wapakiaji wa mizigo walimwita Baba "Bwana Jiko", naye akawapungia mkono, akidhani ni jina la heshima kwa sababu ya sifa za mke wake katika upishi.

Wanawake waliacha kumtazama Mama usoni, au walimtazama sana. Mmoja alikuja kumpa pole. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua mchele, akasema alhamdulillahi, akaendelea kuchambua. Niliona hivyo na moyo wangu ukawa kaa la moto. Nilimwona Mama Rukia barabarani akicheka na wenzake, nikaapa kwa kila kitu nilichokijua kwamba mwanamke huyu atanilipa.

Siku ya pili yake, baada ya futari, walikuja wajomba zangu wawili kutoka Bulla Pesa, Abti Noor na Abti Hassan, ndugu zake Mama. Abti Noor alikuwa na fimbo, na hakuwa kilema. Waliketi mkekani. Baba akawamiminia chai kwa furaha.

"Shemeji," alianza Abti Noor, "tumesikia unatafuta jiko."

"Aa, mmesikia? Dada yenu amewaambia?"

"Dada yetu hajafungua mdomo. Mji ndio unasema."

"Basi ni kweli," alisema Baba bila wasiwasi wowote. "Hili la nyumbani limechoka. Limekaa miaka mingi, siku hizi kazi yake ni kutoa moshi tu."

Abti Noor alishusha kikombe. "Kutoa moshi."

"Na limepasuka kila mahali. Lakini mimi sina haraka. Nikipata la bei nafuu, hata kama limepita kwa watu wawili watatu, nitalichukua."

Abti Noor alisimama na fimbo yake. "Waryaa, wewe! Unamwita dada yetu limepasuka, mbele ya mtoto wake?"

Chai ilimwagika mapajani mwa Baba. Nilimwona akitazama huku na huku, mdomo wazi, akirudi nyuma katika mazungumzo yale neno kwa neno kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha. Kisha akaupata. Aliinua mikono yote miwili.

"Walahi ni la chuma! La kupikia! La chuma!"

Ni Abti Hassan, yule mpole, aliyemaliza mambo. Alisema polepole, "Kama ni la chuma tutaliona. Likifika hapa kabla ya Idd, tutakunywa chai yako tena. Lisipofika, dada yetu anarudi kwetu na watoto wake. Na mji utajua ulikuwa unatafuta lipi."

Niliposikia hivyo nilimkimbilia Mama jikoni. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Nilidhani analia, kwa sababu alikuwa ameuma ncha ya mtandio na mabega yalikuwa yakitikisika.

Baba ambaye hakuwa na pesa ya jiko kwa miezi mitatu alipata jiko kwa siku nne. Kambi moja ya watalii upande wa Leparua ilikuwa imefungwa, wakauza vyombo. Alichukua jiko la gesi la kusimama, lenye plate sita na oveni ambayo mtoto angeweza kulala ndani. Lilikuwa na bei ambayo mtu wa mfuko mwembamba anaiweza, na sababu zake zilionekana: mguu mmoja haupo, vifundo viwili vya kuwashia havipo, mpini wa mlango haupo, na kutu kama upele. Kilichobaki kwenye bei Baba alikimalizia kwa kondoo.

Alilileta kwa lori, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliondoa turubai. Aliingia mjini pole kama msafara wa bwana harusi, honi ikilia. Alipofika kwenye kona ya Mama Rukia alisimamisha lori, akapanda nyuma na spana, akaligonga jiko mara tatu.

"Chuma!" alipiga kelele. "Mnasikia? Chuma!"

Mama Rukia alitoka nje akapiga vigelegele. Nikamchukia zaidi.

Kulifunga kulichukua siku nzima. Fundi wetu alikuwa Ekai, Mturkana mchomeleaji mwenye maneno machache. Alipima mlango wa jikoni kwa shubiri, akapima jiko, akamgeukia Baba. "Mzee, ama nikate jiko ama nikate nyumba." Wakang'oa bati mbili za ubavuni. Kisha Ekai akauliza mguu wa nne utatoka wapi, na hapo Mama akasema kwamba springi ya akiba ya lori ni chuma kizuri.

Baba alimtazama. Akatazama barabarani, kama wajomba wanakuja. Akaenda kuileta.

Kwa hiyo jiko letu lilisimama juu ya kipande cha springi ya lori, na mlango wa oveni ulifunguliwa kwa mpini wa mlango wa lori, na mahali pa vifundo vilivyokosekana palining'inia koleo. Mtungi Ekai aliuweka nje, akatoboa ukuta kupitisha mpira, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kuchungulia kama linafanya mapovu. Matundu ya gesi yaliyozibwa na utando wa buibui aliyazibua kwa sindano ya stovu. Alisawazisha jiko kwa bakuli la maji. Nimekagua majiko ya hoteli za ghorofa thelathini, yaliyofungwa na wahandisi wenye kofia, na nawahakikishia kwamba Ekai hakukosea hatua hata moja.

Moto uliwaka wa buluu. Mama aliuweka mkono juu yake, mbali kidogo, akafumba macho.

Trei zikaja, mtaa mzima. Na hapa ndipo nilipokaribia kupasuka: trei za kwanza kabisa ambazo Mama alizichukua, mbele ya za dada zake mwenyewe, zilikuwa mbili za Mama Rukia, zenye uzi wa kijani.

Nilishagundua kwamba oveni mpya ina kona yake, nyuma kushoto, ambako moto ulikuwa mkali kupita kiasi. Mama alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, nilizisukuma zile trei mbili hadi kwenye kona hiyo, nikafunga mlango kwa mpini wa lori, nikakaa kwenye kigoda. Ikaja harufu tamu. Nikangoja. Ikaja chungu. Nikahesabu hadi mia moja.

Mama aliniadhibu kwa mwiko, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Kisha akachukua biskuti zetu sisi, zote, akampelekea Mama Rukia. Idd hiyo nyumbani kwetu tulikula tende. Nilikula tende zangu nikiwa nimechubuka na nimeridhika, lakini niliona deni halijaisha. Alimtia mama yangu aibu mji mzima, na mama yangu anamlipa biskuti?

Basi nikasoma. Wengine husoma ili wawe madaktari. Mimi nilisoma ili siku moja nisimame juu ya Mama Rukia. Niliporudi kutoka Uarabuni nilipata vyumba viwili vya kupanga, kimoja kizuri na kimoja kibaya. Nilichukua kibaya, kwa sababu kinatazamana na duka lake. Nikaweka oveni mbili za chuma cha pua na bango refu kuliko lake. Ramadhani ya kwanza nikatangaza kwamba nitawaokea wanawake wa mtaa trei zao bure, kama alivyofanya mama yangu. Trei za uzi wa kijani zilipoletwa na mjukuu wake, nilimjibu kwa upole: "Mwambie nyanya oveni imejaa." Ramadhani ya pili, imejaa. Alikuwa ameshazeeka, anatembea na mkongojo, na mara nyingine niliona ananitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa napangusa kioo changu ili anione vizuri.

Mwaka huu, Ramadhani ya tatu, Mama alikuwa ameketi kwenye benchi ya bekari mjukuu yule alipokuja na kurudishwa. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita.

"Imejaa nini?" Mama aliuliza.

"Imejaa, Mama."

"Mbona naona ukuta wa nyuma?"

Nikamwambia. Yote, miaka ishirini na mitano, kicheko cha dukani, aibu, kiapo. Nilitegemea atanibusu mkono. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa tasbihi yake.

"Nani alikutuma dukani siku ile?"

"Wewe."

"Nilikwambia useme nini?"

Nikayasema maneno yale, bila kuongeza wala kupunguza.

"Na nilikwambia uyaseme vipi?"

"Kwa sauti. Mama Rukia hasikii vizuri."

Mama akanitazama. "Halima. Mama Rukia husikia shilingi ikianguka sokoni."

Nilisimama pale, aproni yangu nyeupe, diploma yangu nyuma ya kichwa changu, nikarudi nyuma neno kwa neno kama Baba na chai yake mapajani.

Siku moja kabla ya kunituma, Mama alikwenda mwenyewe nyuma ya duka lile, na wanawake wawili wakakaa juu ya magunia wakapanga kila kitu: maneno, saa ya wateja wengi, hata kile kicheko. Mama Rukia aliomba jambo moja tu kama malipo, trei zake mbili ziwe za kwanza kwenye jiko jipya.

"Na wewe ukaziunguza," alisema Mama. "Na hakuniuliza chochote. Akabeba jina la umbea miaka yote hii, baba yako akimlaani kila Ijumaa, na hakusema."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Baba yako alikuwa hai. Na wewe ulikuwa na sauti kubwa." Nikaona tena mabega yale yakitikisika, na safari hii hakuuma mtandio. "Ile ilikuwa ya matairi," alisema.

Nilikuwa nimejidhani bingwa wa visasi. Changu kilinichukua robo karne, ng'ambo ya bahari, na kodi ya chumba kibaya, nikamlipiza mtu ambaye hakunikosea. Cha mama yangu kilichukua siku chache za mfungo, na silaha yake ilikuwa mtoto mwenye kumbukumbu nzuri. Aliyelipizwa alikwenda kaburini akijisifu kwa lile jiko.

Nilituma trei zichukuliwe. Nilizioka mwenyewe, sikumwachia mwanafunzi yeyote, nikasimama mbele ya kioo cha oveni kama mwanafunzi wa mtihani. Nikazivusha barabara kwa mikono yangu, wakati wa alasiri, duka likiwa limejaa watu.

Mama Rukia hakunisalimia. Kwa kuwa alikuwa amefunga, hakuweza kuonja. Aliziinua biskuti moja baada ya nyingine, akageuza kila moja akakagua tumbo lake, akanusa. Wateja walisubiri. Alipomaliza trei ya pili aliweka mkongojo chini, akavuta pumzi, na ile sauti ya kengele ikatoka nzima kama zamani.

"Hazijaungua!" aliwaambia watu wote. "Leo huyu Halima wa diploma hajaziunguza! Zile za kwanza alizitia moto kwa mkono wake, nikala Idd na biskuti za kuomba! Njooni niwaelezee!"

Alisema kwa sauti, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia vizuri. Kabla ya futari Wabera nzima ilikuwa imeshajua.